Kadi ya Marehemu Ondiek

Jambo lenyewe lilianza na mpira kuganda hewani. Mathews alikuwa peke yake asubuhi katika chumba chake cha gemu pale Nyalenda, anajaribu kompyuta kabla wateja hawajaja. Akapiga kona, na mpira ukabaki juu ya goli, mashabiki kimya, wachezaji miguu juu. Sekunde nne nzima. Halafu ukashuka.

Hakushtuka. Mathews alikuwa mtu wa kulaumu waya kwa kila kitu. Hata jino likimuuma angeanza kwa kukagua soketi. Alichomoa, akapuliza vumbi, akachomeka. Akaweka programu mpya, akabadilisha pawa saplai. Gemu ikazidi kukwama, ilhali kadi ya grafiki, ile ya kuchora picha kwenye skrini, aliyoiweka juma lile ilikuwa na nguvu mara tatu kuliko ya zamani iliyoungua.

Kadi hiyo ilikuwa ya kaka yake, Ondiek, aliyezama ziwani. Mwili ukiwa bado mochari, ukisubiri kupelekwa nyumbani Katito, Mathews aliingia chumbani kwa marehemu na bisibisi, akafungua kompyuta yake akaitoa kadi. Kwao, kitu cha marehemu hakiguswi mpaka azikwe na wafiwa wanyolewe nywele, ndipo wazee wagawe. Mathews aliyajua hayo tangu utotoni. Alijiambia tu kwamba mila hiyo inahusu makoti na viti, kadi ya kompyuta haimo. Na sasa kaka yake alikuwa ameshazikwa.

Siku ya tatu alifungua kompyuta apime joto. Kadi iliyofanya kazi tangu alfajiri ilikuwa baridi kama samaki wa barafu, na feni zake zilipuliza harufu ya matope na gugumaji. Alikuwa amefunga gemu zote, lakini kipimo kwenye skrini kilionyesha kadi inatumika yote, asilimia mia moja. Kuna mtu alikuwa anacheza.

"Baba Dorca," mkewe Caren aliita kutoka chumba cha nyuma, sauti chini. "Kuja uone mtoto."

Dorca, binti yao wa miaka sita, alikuwa ameshika kijiko cha uji karibu na mdomo. Macho wazi. Hapumui. Uji ulidondoka mezani tone kwa tone, kisha kijiko kikaingia mdomoni naye akalalamika kwamba sukari ni kidogo.

"Ni tangu jana," Caren alinong'ona. "Nilidhani ananichezea. Mathews, naogopa."

Mathews naye aliogopa, na kwa mara ya kwanza hakutaja waya. Alirudi akawasha gemu, akangoja ikwame, na ilipokwama akamsikia Caren akilia kule nyuma kwamba mtoto ameganda tena.

Mchana huohuo wakamwita Mama Seline, mama wa maombi mwenye kanzu nyeupe na kengele. Alinusa mlangoni tu akasimama.

"Umebeba kitu ya nani?"

"Ya Ondiek, Mama."

"Kabla ya kunyolewa?"

Mathews akainamisha kichwa.

"Toa. Leo hii tunarudisha Katito."

Kengele ikaanza kulia, Mathews akazima kompyuta akaingiza mkono, na Caren, aliyekuwa amempakata mtoto, akaona kifua cha Dorca kimetulia, akamtikisa, akamwita, akampulizia mdomoni, midomo inabadilika rangi, na Mama Seline anaomba kwa nguvu mpaka jasho linapenya kanzu, na kadi inamteleza Mathews vidoleni kwa maji ambayo hakujua yametoka wapi, mpaka akapiga kelele kwamba ataua mtoto wake mwenyewe, akairudisha mahali pake, akawasha.

Skrini ilipong'aa, Dorca alivuta pumzi. Akamtazama baba yake.

"Omera," alisema, akimwita ndugu yake kwa sauti nzito ya mtu mzima, "usizime. Bado nacheza."

Mama Seline alifunga kengele yake kwenye leso. "Hii imenishinda," alisema, naye alikuwa analia.

Tangu hapo kompyuta haikuzimwa. Mathews aliazima betri za kushika stima ikikatika, akafunga mlango, wateja wakaenda kwingine. Jumamosi mvua kubwa ilitoka ziwani saa nane mchana, radi ikapiga, na mtaa mzima ukapoteza stima. Betri zilikuwa za kutosha muda wa saa mbili tu. Alipiga simu kila mahali akitafuta jenereta. Mtu mmoja wa Kibuye alisema yuko njiani, kisha akasema barabara imejaa maji, kisha simu yake haikushika tena.

Mathews alipiga magoti akaikumbatia kompyuta, akamwomba kaka yake msamaha kwa majina yake yote. Betri zilianza kulia, chaji ikiisha. Kule nyuma Caren alimketisha Dorca mapajani akamwambia asimulie chochote, mradi asinyamaze, na mtoto akasimulia habari za shule, za rafiki yake Maryanne, za mbuzi aliyeingia darasani.

"Halafu mwalimu akasema Jumatatu kila mtu alete..."

Caren alisubiri neno linalofuata.