Chumba cha Cherehani Tano

Wewe unayesoma, usijifanye hujui. Umewahi kumwona mama akinyanyuka kitini huku ameshika gauni kwa nyuma, ukageuza uso ukatazama ukuta. Mimi pia niligeuza. Sijasahau hata mmoja wa akina mama hao, na wewe sikuachii usahau.

Kijiti, msichana wa miaka kumi na miwili, akitoka shuleni hupitia chumba ambamo mama yake na wanawake wengine wanne hushona sare. Kazi yake ni kukata nyuzi zilizobaki kwenye mishono. Mdogo wake wa miezi minne hulala ndani ya kikapu.

Chumba kile kilimtisha. Mtu akianza tu kusema jambo la kuchekesha, cherehani zote zilinyamaza kwa pamoja. Mafundi walibana magoti, macho yamewatoka, midomo imefungwa. Kisha cherehani zikaanza tena kunguruma kama hakuna kilichotokea. Wote walivaa sketi nyeusi, hata kwenye joto. Mtungi wa maji ulikuwa na utando wa buibui. Stoo, gizani, vitambaa vibichi vilining'inia bila upepo, na kila siku viliongezeka.

"Wale hawacheki, hawanywi maji," rafiki yake wa shule alimnong'oneza siku aliyomsindikiza. "Una hakika ni watu?"

Mchana mmoja mama yake alianguka chini kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Kijiti akamletea maji.

"Usinipe maji, mwanangu," mama alisema kwa hofu. "Nakuomba."

Mafundi wenzake walimpeleka zahanati, wakamwacha na Kijiti chumbani kwa mkunga. "Ni kizunguzungu tu," mama alimwambia mkunga.

Kijiti akasema, "Hanywi maji makusudi. Na anaficha vitambaa stoo."

Mama alimfinya. Mkunga akafunga mlango. "Mkojo unakutoka, dada?"

Mama akainamisha kichwa. "Tangu nimzae huyu mdogo. Nikicheka, nikikohoa. Vitambaa hivyo najikingia. Wifi yangu aliniambia ndiyo uzazi, nikae kimya. Wakijua pale kazini nitakufa kwa aibu. Nimeamua kuacha kushona."

"Mimba na uzazi vimelegeza misuli inayoshikilia kibofu," mkunga alisema. "Misuli hufunzwa. Kaza kama unayezuia mkojo na upepo wa tumboni kwa pamoja."

Mama alijaribu, uso ukamvimba.

"Hapana! Umebana mapaja na pumzi. Wengi hukosea hapo. Mapaja yalegee, pumua. Kaza, hesabu mpaka tano, achia, pumzika. Mara kumi, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Usifanye ukiwa unakojoa. Kaza kabla ya kukohoa au kunyanyua mzigo. Na maji unywe! Mkojo mkali hukichokoza kibofu."

Kesho yake mama alisimama katikati ya chumba akasema yote. Cherehani zilinyamaza. Ndipo fundi mzee, waliyemwita Bibi Mkasi, akasema polepole, "Mimi, miaka ishirini na sita."

"Na mimi," mwingine akasema. Na mwingine. Wote watano walikuwa wamefichana siri ileile.

Walifanya mazoezi pamoja kila asubuhi kabla ya kazi. Mwezi wa kwanza hakuna kilichobadilika, na mama akalia. Wa tatu, alibeba robota la vitambaa akiwa mkavu. Bibi Mkasi mazoezi hayakumtosha. Daktari alimwekea kipete laini ndani ya uke cha kuzuia mkojo, bila kisu.

"Mmeniacha nicheke kimoyomoyo miaka yote hii," Bibi Mkasi aliwafokea wenzake, "kumbe dawa ipo!"

Waliporudi zahanati, mkunga alimshika Kijiti bega. "Kusema ukweli kumemponya mama yako. Tatizo hili huwapata wengi, lakini hakuna aliyehukumiwa kukaa nalo."

Umesikia. Basi simama sasa hivi, usingoje kesho. Nenda kwa mama, shangazi au dada yako aliyezaa. Mwambie tiba ipo. Kisha msindikize zahanati.