Panya na Safari ya Ganze

Baya wa Mwakirunge alilipenda gari lake kupita kiasi. Lilikuwa Probox nyeupe. Kila Jumapili akitoka kanisani aliliosha, akalifuta, kisha akalirudisha bandani na kulifunika turubai. Banda lilikuwa la makuti, ili jua lisiharibu rangi. Humo bandani, nyuma ya gari, alirundika mbata, zile nazi zilizokaushwa, zikingoja mnunuzi. Pembeni kulikuwa na makumbi ya nazi ya kuwashia moto, yamefika kiunoni. Kazini kwake, kwenye machimbo ya mawe, Baya alienda kwa bodaboda. Gari lilikuwa la kutunzwa, si la kutembelewa.

Mama yake, Bi Kafedha, aliishi naye. Aliwahi kuvunjika nyonga, na tangu hapo hakuweza kukaa kitako kwa muda mrefu. Ndugu aliyembakia duniani alikuwa mmoja tu, mdogo wake Dhahabu, aliyekuwa mgonjwa huko Ganze. Safari ya matatu mama asingeiweza. Lakini katika Probox, viti vya nyuma vikilazwa na godoro likitandikwa, angefika salama.

Bi Kafedha aliomba apelekwe tangu masika. Baya hakukataa hata siku moja. Alisema mbata ziuzwe kwanza. Halafu akasema mvua zikatike. Halafu barabara ikauke. Mwana mpole kweli, lakini kwa kesho zake alikuwa hajambo!

Mkewe, Vivian, alimwambia kwamba anasikia panya wakikimbizana bandani. Baya akacheka, akamjibu kwamba panya hula mbata, hawali gari. Laiti angenyamaza akaenda kuangalia.

Ijumaa moja simu ikaja kutoka Ganze. Dhahabu amezidiwa, anamuulizia dada yake. Safari hii Baya hakusema kesho kutwa. Jumamosi asubuhi Bi Kafedha alikuwa amejilaza uani kwenye kitanda cha kamba, ameshavaa. Pembeni yake kulikuwa na kikapu chenye kanga mpya za mdogo wake.

Baya akaondoa turubai, akajaribu kuwasha gari. Likashtuka kidogo, likazima, na harufu ya kuungua ikatoka. Alipofungua boneti alikuta kiota juu ya injini. Kulikuwa na nyuzi za makumbi, vipande vya mbata na kinyesi cha panya. Nyaya zilikuwa zimegugunwa mpaka shaba inaonekana.

Vivian alimpigia Agneta, fundi wa umeme wa magari kule Mtopanga. Agneta alifika, akatazama, akamkataza Baya asiwashe tena, maana nyaya zilizochubuka zikigusana gari laweza kushika moto. Kazi ingechukua mpaka jioni.

"Kwani panya wanataka nini kwenye nyaya?" Baya aliuliza.

"Meno ya panya hayaachi kukua, kaka. Lazima agugune kitu. Na wewe umempa chakula nyuma, matandiko pembeni na kivuli juu. Gari lenyewe haliendi popote. Angehama aende wapi?"

Baya akatoka mbio kutafuta gari kwa majirani. Moja lilikuwa safarini, jingine limebeba kokoto. Aliporudi, Vivian alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi, analia. Dhahabu alikuwa amefariki.

Bi Kafedha alikisukuma kikapu kando. Kisha akaita.

"Baya."

"Naam, mama."

"Zile kanga mpe mkeo. Dhahabu hazitamfaa tena."

Baya akaingia bandani, akalia kama mtoto.

Jioni, Agneta alimaliza kazi. Alimpa pole, lakini hakumficha kitu. Banda likibaki vile, panya watarudi usiku uleule kwenye nyaya mpya. Basi kesho yake Baya akaamkia kazi hiyo. Alivaa glavu, akajifunga kitambaa puani. Kinyesi alikinyunyizia kwanza maji yenye dawa ya kuua vijidudu, ndipo akakiondoa, kwa sababu vumbi lake huleta magonjwa. Mbata alizitia kwenye mapipa ya bati yenye vifuniko, akayaweka mbali. Makumbi yakahamishwa, nyasi zikafyekwa, matundu ya ukuta yakazibwa kwa waya na simiti. Akatega mitego kando ya ukuta. Sumu Agneta alimkataza, kwa ajili ya watoto na kuku. Tena alimwambia gari litembee, lisilale wiki nzima. Mpaka leo Baya hufungua boneti kila asubuhi kabla ya kuwasha, na hajaona kiota tena.

Siku ya mazishi aliifungua pia. Nyaya zilikuwa nzima. Gari likawaka mara moja. Wakamlaza mama kwenye godoro, wakaondoka. Barabara ilikuwa kavu. Jua lilikuwa halijawa kali walipoingia Ganze, na Bi Kafedha akainua kichwa kutazama nje.

"Kumbe ni karibu hivi," alisema.

Baya alishika usukani, akaendelea kuendesha.