Hori Lililofukiwa

Fundi alikuwa mwashi hodari. Alikaa karibu na mahali mto unapoingia baharini. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na hori, mkono mdogo wa maji, lenye tope na nyasi. Maji yake yalifika magotini tu. Kila jioni alirudi na toroli lililojaa kifusi, akakimwaga humo. Alitaka uwanja mpana wa kufyatulia matofali.

Kaka yake alikuwa mvuvi. Walipendana kama chanda na pete.

Siku moja akaja mtaalamu wa samaki, mwanamke mwenye ndoo, kipimo cha chumvi na ramani. Alimwomba Fundi aache kumwaga kifusi. Alisema hori lile ni makao ya samaki wadogo.

"Umewaona?" Fundi akauliza.

"Hapa bado. Nimekisia kwa vipimo. Nimepima sehemu arobaini za mto huu. Kila penye kina kifupi, nyasi, na maji ya mto yaliyochanganyika na ya bahari, nimekuta vifaranga wengi wa samaki. Hapa pana yote matatu."

Fundi akacheka. Ameishi hapo miaka ishirini, alisema, na hajaona hata dagaa. Mama yule akamweleza kwamba vifaranga hujificha kwenye nyasi wasiliwe. Wakikua, hutoka kwenda baharini. Maneno yakaingia sikio hili, yakatokea lile. Baada ya miezi mitatu hori likawa uwanja.

Miaka miwili baadaye nyavu za kaka zilianza kurudi tupu. Alihangaika sana. Mwishowe aliuza mashua, akahamia kwa binti yake, mbali na bahari. Siku ya kuondoka alimshukuru mdogo wake kwa kumbebea mizigo. Fundi hakuweza kumtazama usoni.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa mtaalamu, akauliza kama hori lake ndilo lililoharibu uvuvi.

"Si lako tu," mama alimwambia. "Mahori sita yamefukiwa. Ila lako ndilo lililokuwa kubwa zaidi."

Roho ilimuuma. Alichukua sepetu, akaanza kuchimba. Majirani walimwona kama amerukwa na akili. Aliwaeleza kosa lake bila kuficha, na wawili wakafungua mahori yao. Maji yaliingia tena. Nyasi zilichelewa, lakini ziliota.

Mwaka wa tatu mtaalamu alipitisha wavu mdogo horini. Ukatoka na vifaranga tele, wadogo kama ukucha. Baadaye hata wavuvi wakaanza kupata chochote kitu.

Fundi alimpigia kaka yake simu. Akamwambia yote, tangu toroli la kwanza.



"Hao vifaranga ni wengi?" kaka akauliza.

"Wengi, kaka. Nisamehe."

"Mimi nilidhani mikono yangu ndiyo iliyozeeka," kaka alisema taratibu. "Basi waachie nyasi zao."

Hakusema kama atarudi. Fundi naye hakuthubutu kumuuliza.