Sakafu ya Gari la Babu

Kila asubuhi ya siku ya shule, Kija alikuwa na kazi moja aliyoichukia kuliko kuosha masufuria: kusukuma gari. Baba yake, Nestory, alikaa kwenye usukani. Mama yake, Rose, alishika kona moja ya nyuma, na Kija akashika nyingine. Wakasukuma mpaka gari likakohoa, likatikisika, likawaka. Majirani wa mtaa wao wa Buzuruga, Mwanza, walishazoea, na wengine waliwapigia makofi kabisa.

Lilikuwa stesheni wagoni ya zamani, ndefu, yenye safu tatu za viti. Babu Nkwabi alilinunua enzi zile alipokuwa bwana mifugo. Alipofariki, likakaa miaka sita nyumbani kwake Sengerema chini ya turubai, kuku wakitaga ndani yake. Baba alilivuta mpaka Mwanza akaapa kulifufua.

"Gari hili ndilo lililonipeleka shule," alipenda kusema. "Pasaka hii bibi yako atalipanda tena kwenda kanisani. Mtaona!"

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Winnie, msichana wa darasa la sita kama Kija, alikuwa na ulimi mwepesi. Siku ya kwanza kuliona, aliita kwa sauti, "Jamani, gari la msiba limefika!" Darasa zima likacheka, na jina likanata. Tangu hapo Kija alimwomba baba yake amshushe kwenye kona, mbali na geti, eti anataka kunyoosha miguu. Mtoto wa miaka kumi na miwili, miguu ya kunyoosha ameitoa wapi? Lakini baba hakuuliza.

Jumamosi walilipeleka gari kwa Masele, fundi wa kuchomelea mwenye gereji ya wazi karibu na stendi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na miwani yake nyeusi ilikaa juu ya paji la uso kutwa nzima. Baba alisugua milango kwa msasa, na Kija akapewa sakafu ya nyuma.

"Kwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae," Masele alimwelekeza. "Kisha choma kwa bisibisi. Ikizama, pale pamekufa. Zungushia chaki. Kila penye duara nitakata bati bovu na kuchomelea jipya. Puti hii laini ya kuziba mikwaruzo ni ya mwisho kabisa, ya kulainisha tu. Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa, fundi."

Na kweli alielewa. Jumamosi ya kwanza alichora maduara saba, na Masele akayachomelea yote. Jumamosi ya pili ilibaki sehemu moja tu, pale nyuma ya kiti cha dereva ambapo abiria huweka miguu. Kija alikuwa amepiga magoti, nywele zimejaa vumbi jekundu la kutu, aliposikia kicheko anachokifahamu.

"Kija! Siku hizi umekuwa fundi wa gari la msiba?" Ni Winnie, na wenzake wawili, wakienda tuisheni na madaftari yao safi mkononi.

Kija alijilaza chini kabisa ndani ya gari, asionekane. Uso ulimwaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Wasichana wakapita wakicheka, naye akabaki pale akisikiliza mpaka sauti zao zilipopotea.

Aliporudia kazi, bisibisi ilizama. Bati lilikuwa limelika sehemu kubwa kama kiganja. Kija aliliangalia tundu lile, akapiga hesabu. Akichora duara, Masele atasema kazi hiyo ni ya wiki ijayo. Maana yake Jumamosi nyingine hapa, na Winnie kupita tena. Chaki ilikuwa mfukoni, wala hakuitoa. Alichukua puti, akaipaka nene juu ya kutu na juu ya tundu, akailainisha vizuri kama siagi juu ya mkate. Ilipokauka, akaipaka rangi na kutandika kapeti.

Masele alikuja akifuta mikono. "Pale nyuma ya dereva vipi?"

"Pazima, fundi."

"Safi sana," akasema Masele. Hakuinua kapeti.

Jumamosi Kuu, baba na Kija walivuka kwa kivuko kwenda Sengerema kumchukua bibi Teodora. Bibi alilizunguka gari mara mbili, akilipapasa na kutabasamu. Akaketi nyuma ya dereva, kwa sababu ndipo alipokuwa akikaa zamani. Kija alipomwona anakaa pale, alilikumbuka lile tundu. Sema, Kija! Lakini angeanzia wapi? Alijiambia puti ni ngumu. Akanyamaza njia nzima.

Walifika salama upande wa Mwanza. Gari lilipokuwa likitoka kwenye kivuko kupanda nchi kavu, gurudumu la mbele liliruka kidogo, na bibi akakanyaga kwa nguvu ili asianguke. Krak! Mguu wake ulizama kwenye sakafu mpaka karibu na goti.

"Simama! Simama! Mguu wa mtu unaonekana chini!" watu walipiga kelele.

Baba alikanyaga breki. Ilichukua watu watatu kumtoa bibi taratibu, na bati lilikuwa limemchana muundi. Kwenye zahanati alisafishwa kidonda, akashonwa nyuzi nne na kuchomwa sindano ya pepopunda. Muuguzi alisema ingekuwa gari linakwenda mbio, wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Kija alisimama mlangoni, hawezi hata kumtazama bibi yake usoni.

Kutoka pale, baba alimketisha bibi kiti cha mbele, akaendesha moja kwa moja mpaka gereji, amekunja uso. Masele alikuwa na mteja, Karan, mfanyabiashara wa mjini, ambaye alileta pikapu yake hapo kwa sababu baba ndiye aliyemsifia fundi.

"Masele!" baba alifoka kabla hajazima injini. "Njoo uone kazi yako! Mama yangu ameponea chupuchupu! Wewe ni fundi gani unayeficha tundu kwa puti?"

Masele alichungulia ndani. Alishika kipande cha puti kilichovunjika, akakigeuza mkononi, akaona kutu iliyoganda chini yake.

"Kosa ni langu, Baba Kija," akasema hatimaye. "Nilipaswa kuinua kapeti na kukagua mwenyewe. Pole sana, mama," akamwambia bibi. Hakumtazama Kija hata kidogo.

Karan alitikisa kichwa. "Kama ni hivi, ndugu yangu, nipe funguo zangu. Pikapu hiyo inabeba watu." Vijana wawili wa gereji ya jirani walishaanza kunong'ona.

Kija aliona mkono wa Masele ukiingia mfukoni kutafuta funguo. Lo! Aibu ya kuchekwa na Winnie ilikuwa ya kuungua uso tu. Hii ilimshika mpaka kwenye mifupa.

"Baba, si yeye!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ni mimi. Niliona tundu, nikaliziba kwa puti. Fundi aliniuliza, nikamwambia pazima."

Wote wakageuka.

"Kwa nini, Kija?" baba aliuliza, sauti imeshuka.

"Wananicheka, baba. Wanaliita gari la msiba. Sikutaka kurudi hapa tena wanione." Machozi yalimtoka. "Nilikuwa nalionea aibu gari. Sasa najionea aibu mimi mwenyewe."

Baba alikaa juu ya tairi kuukuu. Kisha akasimama, akamwendea Masele. "Fundi, nimekukosea mbele za watu. Nakuomba radhi mbele yao hao hao." Wakashikana mikono. Karan akakohoa, akasema funguo zibaki zilipo, na vijana wale wakarudi kazini kwao.

Kija alipiga magoti mbele ya bibi. "Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe," bibi alisema, akimfuta machozi kwa kanga yake. "Nimepigwa mateke na ng'ombe wa babu yako miaka thelathini, bati hili litanifanya nini? Haya, simama. Kawasaidie."

Walifanya kazi mchana wote. Kija aliinua kapeti lote mwenyewe, akakwangua, akaonyesha sehemu mbili zaidi zilizokuwa zimeanza kulika. Masele akakata na kuchomelea mpaka sakafu ikawa imara kiasi cha baba kurukaruka juu yake. Kesho yake bibi angefika kanisani bila shaka.

Masele alipokuwa akikusanya vifaa vyake, alimwita Kija.

"Kutu hainisumbui, ndiyo kazi yangu," alisema. "Ukiniambia hapa pamekufa, natengeneza, tunakunywa chai. Ukiniambia pazima, naacha kutafuta, na ubovu unabaki ukimsubiri mtu. Ukweli unaouonea aibu useme mapema, kabla ubovu haujakua. Najua kuchekwa kunauma, mama. Lakini waliokucheka walikwenda zao tuisheni. Mguu ulioshonwa ni wa bibi yako."