Cherehani ya Amana na Neno Hiana

Kila asubuhi, akishamnyonyesha mwanawe, Waridi alifagia chumba chake pale Kariakoo, kisha akachungulia uvunguni. Cherehani ilikuwepo, imefungwa kwa kanga, fundo kama lilivyoachwa. Ilikuwa ya jirani yake Mwanamkuu, aliyekwenda Bagamoyo kumuuguza mama yake.

"Amana hiyo, mwenzangu," alimwambia Waridi siku ya kuondoka. "Nakuachia wewe tu."

Siku moja Josepha, mpangaji wa chumba cha uani, akabisha hodi.

"Shoga, niazime hiyo cherehani. Jumapili mwanangu Candida anapokea komunyo ya kwanza, na gauni bado vipande vipande!"

"Si yangu, Josepha. Nimewekewa."

"Kwani nitaila?"

"Siwezi."

Josepha akasonya. "Una hiana wewe! Kweli una hiana!" Akaenda zake, mitalawanda yake, viatu vya mti, ikigonga sakafu.

Neno lile likamchoma Waridi. Utotoni, chuoni alikosoma Kurani, alifundishwa kuliogopa: mwenye hiana ni msaliti. Leo kaitwa yeye, na wanawake wa uani wamesikia. Mwanamkuu akirudi akaambiwa, atamwamini tena? Uji ukafurika jikoni, wala hakuuona.

Alasiri uvumilivu ukamwishia. Akaivuta cherehani, akaibeba hadi ukumbini. Bora amwazime Josepha, jina lake lisafike.

"Na mzigo huo, wapi?" aliuliza Bi Kuruthumu, aliyesomesha watoto Kurani katika chumba cha mbele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kuna nini?"

Waridi akamweleza, machozi yakimlengalenga. Bi Kuruthumu akacheka kidogo.

"Itue kwanza, mwanangu, isije ikakuponda miguu. Neno hilo limetoka kwa Waarabu. Wao husema khiyana, yaani kumgeuka mtu aliyekuamini. Kinyume chake ni amana. Lakini huku kwetu hiana imepata na maana ya pili: uchoyo, kunyima wenzio. Josepha kakuita mchoyo, basi!"

"Kumbe hakuniita msaliti?"

"Usaliti ndio huo uliokuwa unaubeba kumpelekea."

Waridi akalitazama lile fundo. Alikuwa amebakiza hatua chache tu. Akairudisha cherehani uvunguni, akachukua sindano na uzi, akaenda kwa Josepha.

"Cherehani siwezi, si yangu. Mikono hii ni yangu. Lete vipande nikushonee."

Josepha akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko. "Haya, kaa, mchoyo wewe!"

Jumapili Candida akaenda kanisani na gauni lake jeupe, limeshonwa kwa mkono.

Mwanamkuu aliporudi, fundo lake alilifungua mwenyewe. Josepha ndiye aliyemsimulia yote, huku akijicheka.

Mwanamkuu alipotaka kusafiri tena, alileta cherehani ile ile. Safari hii Waridi hakuipokea upesi.

"Josepha akitaka kushona, nimpe?"

Mwanamkuu akafikiri kidogo. "Mpe."

Hapo Waridi akanyoosha mikono kuipokea.