Frijigadi ya Augustine

Kaunta ya mawakala wa forodha kule Kurasini haijawahi kumhurumia mtu mwenye haraka, na Sekela alizaliwa na haraka zake. Alisimama katikati ya madereva wa malori na wafanyabiashara waliokuwa wakipigiana kelele, gauni lake la kitenge cha njano limemganda mgongoni kwa jasho, raba zake nyeupe zikigonga sakafu bila kupumzika.

"Sista, feni yako hii ina uzito!" Kijana mmoja alitokea stoo na boksi begani. Shati jeupe, mikono imekunjwa hadi viwikoni, tabasamu la mtu aliyelala usingizi wa kutosha.

"Siyo feni, kaka. Ni kadi ya grafiksi na kasha lake."

"Nimelifungua mwenyewe kulikagua. Lina feni tatu humo."

"Za kuipoza! Kadi inachora picha. Unaiunganisha na laptopu kwa nje, laptopu inapata nguvu."

"Kwa hiyo laptopu yako mgonjwa, hii ndiyo dripu."

Sekela akacheka bila kupenda. Nje mvua ilikuwa imeanza kumwagika.

"Mie naitwa Augustine," kijana akasema. "Ukitoka nalo sasa hivi litalowa. Niachie, kesho nakuletea hadi mlangoni. Unakaa wapi, Mama Feni?"

"Manzese. Na sipendi kusubiri."

"Nimeshajua. Raba zako zimenisimulia."

Boksi likalala kwa Augustine, Temeke, na kesho yake likafika Manzese likiwa kavu. Augustine naye alifika, na tangu siku hiyo hakukoma kufika. Alikuwa mtu wa Ndanda, mpole, wa kufikiri kwanza ndipo afungue kinywa. Sekela, binti wa walimu wa Uyole, alijibu maswali kabla hayajaisha. Ukiwaona wakila mihogo ya kukaanga barazani ungedhani wanagombana, kumbe ndiyo mapenzi yenyewe.

"Umekula, mpenzi?" Augustine angepiga simu mchana.

"Bado, naweka draiva, programu ya kuendeshea kadi."

"Draiva hailiwi."

"Nawe niache basi!"

"Jamani, kwenu hata ndizi zinaiva kwa kukemewa?"

Umeme wa mtaa ule ulikuwa na tabia ya kukatika na kurudi kwa kishindo, hata Sekela na haraka zake aliogopa kuichomeka kadi. Jioni moja Augustine akaja na frijigadi, kile kiboksi ambacho watu huchomekea friji ili umeme mkali usiiunguze.

"Friji sina," Sekela akasema.

"Si una mtoto mwenye feni tatu? Tumlinde."

Sekela akambusu shavuni, akaichomeka frijigadi ukutani nyuma ya meza, akachomekea kasha la kadi, akaisahau.

Lakini kadi ilikataa kuonekana. Sekela alichora katuni za watoto, na laptopu yake, iliyoendeshwa na mfumo wa Linux, ilihema mchana kutwa kwa kipande kifupi tu cha picha, ndiyo maana aliitaka ile kadi kama mgonjwa anavyotaka dawa. Alijaribu kwa njia tuliyofundishwa sote: zima ukutani, anza upya. Aliwasha soketi, akabonyeza laptopu, halafu, kwa kuwa miguu yake haikujua kukaa, akatoka uani kuzunguka. Akirudi, feni zinazunguka vizuri. Akiandika lspci, amri ya kuiuliza Linux inaona vifaa gani, kadi haipo. Akabadilisha draiva, akazima ukutani, akaanza upya. Haipo.

"Feni zinazunguka na kompyuta haiioni?" rafiki yake Bupe akasema. "Shoga, hiyo siyo kadi uliyoagiza. Kwani boksi lililala wapi?"

Neno likamwingia Sekela likakaa. Mtu mwingine angelitafakari kwanza. Yeye akapiga simu hapo hapo.

"Augustine, nani alifungua boksi langu?"

"Mie. Si nilikwambia siku ile?"

"Halafu likalala kwako. Na sasa kadi ni mfu."

Sekela alimsikia akivuta pumzi.

"Unaniita mwizi, Sekela?"

"Nauliza tu."

"Hujauliza, umeshahukumu. Ofisi wananitaka nikafanye kazi Tunduma. Nilikuwa nawakatalia kwa ajili yako. Basi sasa nakwenda. Jumamosi naondoka."

Akakata. Tangu hapo hakupokea tena.

Ijumaa asubuhi Sekela hakuwa na hamu ya chai wala ya katuni. Alimpenda yule mtu, na kesho basi lingemchukua akiamini kwamba mwanamke ambaye yeye alimlindia boksi lisilowe mvua anamwona mwizi. Kadi ilikuwa haina maana tena kwake. Umeme uliokuwa umekatika tangu alfajiri ukarudi. Kwa mazoea tu akabonyeza laptopu, kisha akapiga simu.

Inaita. Haipokelewi. Akapiga tena, na kwa mara ya kwanza hakutoka uani, maana aliogopa kuikosa hata pumzi ya Augustine. Akakaa, simu sikioni, macho yakikosa pa kwenda hadi yakaangukia nyuma ya meza.

Frijigadi ilikuwa inawaka taa ya njano. Laptopu ilikuwa imeshaamka zamani. Feni hazizunguki. Simu ikaita mpaka ikakatika, naye akaendelea kutazama. Kisha ikasikika *tak*, taa ikawa ya kijani, na feni zikaanza kuzunguka.

"Mungu wangu," Sekela akasema.

Frijigadi huuzuia umeme kwa dakika kadhaa hadi utulie, ndiyo kazi yake. Na laptopu ile ilihesabu vifaa vyake mara moja tu, wakati wa kuamka. Kadi iliyochelewa haikufunguliwa mlango. Kila alipozima ukutani ili aanze upya, alikuwa anakuanzisha upya huko kuchelewa.

Safari hii hakugusa ukuta. Aliizima laptopu peke yake, akaiwasha, akaandika lspci. Jina la kadi likatokea, lile lile lililoandikwa kwenye boksi.

Hakushangilia. Aibu ilimchoma hadi masikioni. Akajitupia kanga mabegani juu ya dera alilolalia, akavaa kandambili, akadaka bodaboda hadi Kurasini.

Augustine alikuwa kauntani akimkabidhi mwenzake Khalfani funguo za stoo.

"Kadi ni ile ile," Sekela akasema, akihema. "Ilikuwa frijigadi. Inachelewesha umeme, laptopu inaamka kabla ya kadi."

Augustine akaweka funguo mezani. "Kwa hiyo kumbe mie kweli ndiye niliyeiharibu."

"Mie ndiye niliyeshindwa kukaa kitako. Nimekuvunjia heshima, Augustine. Nisamehe."

"Umeichomoa?"

"Nini?"

"Frijigadi."

"Naichomoaje, na umenipa wewe? Ipo. Nitakuwa naisubiri taa ya kijani."

"Wewe? Usubiri?" Tabasamu lilitaka kutoka, akalirudisha. "Tunduma nimeshasaini. Siwezi kurudi nyuma."

"Basi la Tunduma linapita Uyole."

"Najua."

"Na kwa wazazi wangu ni hatua chache tu kutoka stendi."

Khalfani aliyekuwa akihesabu funguo akaacha kuhesabu.

"Sekela, unasema nini?"

"Nasema usipite tu. Shuka."

"Mama Feni, mtu hajiposei mwenyewe."

"Sasa je? Unashuka au hushuki? Si unijibu..."

Akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Augustine alikuwa anafikiri kwanza, kama kawaida yake. Malori yalipiga honi nje, mteja mmoja akagonga kaunta kwa kalamu, na kandambili za Sekela zikatulia sakafuni. Akamsubiri.

Augustine akatoa simu mfukoni.

"Shikamoo, baba mdogo. Salama tu. Ile suti yako ya kanisani, bado inakutosha? Kesho napita Uyole, na sitaki kwenda peke yangu."