Ulezi wa Jikoni kwa Damari

Fuso ilikuwa mita mia mbili mbele, ikishuka kuelekea Uyole.

Halfani aliongeza mafuta. Mshale wa Honda ukapita mia, ukakaribia mia na ishirini.

"Saba, nipe hali," sauti ilisema sikioni, ikimwita kwa namba yake ya kazi. Ilikuwa ya Liberatus, mkuu wa operesheni, akiwa Dodoma.

"Namba za gari zinalingana. Wawili kwenye kabini. Turubai la bluu."

"Isifike mpakani Tunduma."

"Haitafika."

Jana, Jumapili, kijiji kizima kikiwa kanisani, watu walivunja stoo ya kikundi cha wakulima huko Kilolo, mkoani Iringa. Walibeba magunia sita ya ulezi. Kwa maelezo ya Idara ya Halfani, hiyo ndiyo iliyokuwa mbegu ya asili ya kikundi: ulezi unaokomaa kwa siku themanini na usiougua. Msimu uliopita mvua ya mawe ilikuwa imefyeka mashamba yao yote. Nje ya akiba hiyo, mbegu ile haikuwepo popote duniani.

Kampuni moja ya nje ilitaka kuisajili kama uvumbuzi wake. Wakulima wakibaki hata na kikombe kimoja, wangeweza kupinga. Kwa hiyo ilibidi ichukuliwe yote.

Siku ya kugawana mbegu ilikuwa Jumatano. Mvua za kupandia zilikuwa zimeshaanza. Nyumba thelathini na mbili zilikuwa zinasubiri.

Halfani aliyajua hayo yote kwa kichwa. Hayakumgusa. Miaka kumi na moja ya kazi ilikuwa imemfanya hivyo, naye hakuwa amelalamika kwa mtu.

Alilipita lori la mafuta, akaingia mbele ya Fuso, akageuza pikipiki katikati ya njia.

Breki zikalia. Fuso ikasimama hatua nne kutoka kwenye goti lake.

Abiria aliruka na kukimbilia shamba la viazi. Halfani alichomoa Glock 19. Risasi moja, ardhini, mbele kidogo ya viatu vya yule mtu.

Yule abiria akakaa chini mwenyewe.

Dereva alikuwa tayari ameinua mikono. "Shikamoo, mkuu. Naitwa Benjamini. Mimi nimekodiwa tu."

"Na mwenzako?"

"Hata jina simjui. Tangu Makambako anakula mayai ya kuchemsha, hasemi kitu. Nilijua tu huyu ni mtu mbaya."

Halfani aliwafunga pingu wote wawili, akapanda nyuma, akahesabu. Magunia sita. Akampigia simu mtunza mbegu wa kikundi, Damari, mjane wa miaka sabini na mmoja.

"Mama, magunia yenu sita nimeyapata. Mbegu iko salama."

"Yale ya stoo?" Damari alicheka. "Mwanangu, ule ni ulezi wa uji."

Halfani alishuka kwenye Fuso.

"Mbegu iko wapi?"

"Jikoni. Juu ya moto, kwenye vibuyu. Mbegu lazima ile moshi, la sivyo wadudu wanaimaliza. Ile stoo tulijengewa na wafadhili. Wageni wakija wanapenda kuipiga picha, basi tunaweka chakula."

"Mbona hukumwambia ofisa aliyekuja jana?"

"Aliniuliza stoo ilikuwa na magunia mangapi. Nikamjibu."

Halfani alikuwa mtoto wa mfanyabiashara, mzaliwa wa Ilomba, mjini Mbeya. Magunia aliyajua. Majiko ya Kilolo hakuyajua, na Dodoma hakuna aliyeyajua. Wote walikuwa wameona stoo yenye sola na kibao cha uzinduzi, wakaamini.

"Teremsha kibuyu kimoja. Kifungue. Nusa."

Alisikia kigoda kikiburutwa. Kisha kizibo cha kibuyu kikichomolewa.

"Hauna moshi," Damari alisema. Kicheko kilikuwa kimeisha. "Huu ni wa dukani. Mwanangu, huu si wetu."

"Nani anaingia jikoni kwako?"

"Mimi. Na Eveline, bibi shamba wa mradi. Amelala kwangu miezi minne. Namwita binti yangu."

"Yuko wapi?"

"Ameondoka jana alasiri. Amesema anapitia Mbeya, leo apande ndege kwenda kumwona mama yake Dar. Nimemfungia maboga."

Halfani alitazama saa. Saa nne kasoro dakika kumi na tano.

"Mkuu," alisema redioni, "Fuso ni chambo cha kutuvuta huku. Mzigo uko Songwe, uwanja wa ndege."

"Ndege inaondoka saa tano na nusu. Nipige simu isimamishwe?"

"Hapana. Akishtuka atamwaga chooni. Tuma watu wa kuchukua hawa wawili, nami unitumie picha ya Eveline, bibi shamba wa mradi."

Mafiati kulikuwa na foleni. Alipita kwenye bega la barabara, kati ya mikokoteni ya ndizi na mama mmoja aliyemtukana kwa Kisafwa. Mwanjelwa. Iyunga. Mbalizi. Alifika saa nne na dakika thelathini na nane.

Eveline alikuwa mbele ya kaunta, wa tatu kwenye mstari. Gauni la kitenge, viatu vya chini, sanduku moja la kijivu. Usingeweza kumkumbuka baada ya kumwona.

Halfani alimwonyesha ofisa wa mizani kitambulisho chini ya kiwiko, akasimama pembeni yake kama msaidizi.

"Sanduku lako, dada. Lina nini?"

"Kahawa ya Mbeya, kaka. Zawadi. Pakiti arobaini, gramu mia mbili na hamsini kila moja."

Alilifungua mwenyewe bila kuombwa. Pakiti za karatasi ya fedha, mpya, zimepangwa vizuri. Harufu ya kahawa ilijaa. Mbwa asingenusa moshi humo. Halfani pia hakuunusa.

"Weka kwenye mizani."

Namba nyekundu zikasimama. Kumi na tisa.

"Sanduku tupu ni kilo tatu," Halfani alisema. "Kahawa ni kilo kumi. Zimezidi sita."

Eveline aliivuta pochi yake karibu.

Halfani alianza kuweka pakiti moja moja. Gramu 250. Gramu 250. Ya tatu, 500. Ukubwa uleule, uzito mara mbili. Ulezi ni mzito kuliko unga wa kahawa, na pakiti ilikuwa imejazwa kwa macho.

Mkono wa Eveline ukaingia kwenye pochi.

"Usifanye hivyo, dada."

Alifanya. Kopo la pilipili ya kupuliza machoni lilifika nusu ya njia kabla Halfani hajamshika kifundo. Kopo likaanguka, likaviringika chini ya kaunta. Ofisa wa mizani alilisimamisha kwa kiatu.

Pakiti ishirini na nne. Kilo kumi na mbili.

"Jiko lile lingeungua siku yoyote," Eveline alisema, pingu zikifungwa. "Au panya. Kwenye maabara ingeishi miaka hamsini."

"Kwenye vibuyu umeacha nini?"

"Ulezi wa dukani."

"Wangeupanda."

"Ndiyo." Aliangalia sakafu. "Wangeupanda." Kisha akainua uso. "Huna swali lingine? Hata kwa nini?"

"Sina."

Liberatus alikuwa redioni kabla gari la polisi halijaondoka. "Kazi nzuri, Saba. Kilo zote kumi na mbili zije Dodoma. Ni vielelezo."

"Kesi itachukua muda gani?"

"Mwaka. Miwili."

"Msimu wa kupanda una wiki tatu. Nina picha ishirini na nne, namba za mizani na mashahidi watatu. Nitaleta pakiti moja ya kupimwa. Zilizobaki zinarudi Kilolo leo."

"Hiyo si amri yangu."

"Najua."

Redio ilitoa mkwaruzo wa mawimbi.

"Iandike vizuri kwenye ripoti," Liberatus alisema.

Jumatano saa tatu asubuhi, Halfani alirudi Kilolo kuchukua maelezo ya Damari. Uwanja wake ulijaa wanawake wenye bakuli.

"Kamwene, mama," alimsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene. Mbegu yangu inanuka kahawa." Damari alifunua kitambaa chenye maji. "Nilizilaza ishirini juzi jioni. Kumi na tisa zimeota. Ya ishirini ni mvivu kama marehemu mume wangu."

Wanawake walicheka. Halfani aliandika: 19/20.

Waligawana kwa kikombe kimoja cha bati, kila nyumba kikombe na nusu. Sharti lilikuwa la siku zote: ukivuna unarudisha viwili, na kimoja unampa jirani asiye na mbegu. Damari ndiye aliyepima. Aliinua kichwa mara moja tu, mtu alipotaja jina la Eveline, kisha akaendelea kupima.

"Kaa ule, mwanangu."

"Nina safari, mama."

"Hata kukaa hujui."

"Ndiyo."

Simu ilitetemeka akiwa anavaa helmeti.

"Nimetenga polisi wawili walinde stoo," Liberatus alisema.

"Warudishe."

"Mbegu italindwa na nani?"

Halfani alitazama mteremko. Wanawake walikuwa wanatawanyika kwenye vijia, kila mmoja na bakuli lililofunikwa, kila mmoja kuelekea moshi wa jiko lake.

"Mwizi atahitaji kuingia majiko thelathini na mawili," alisema.

Akakata simu, akawasha pikipiki, akaondoka.